Kimya cha Gari la Kalume

Gari la Kalume lilisikika kabla ya kuonekana, na mwenyewe alijisifia jambo hilo kama mtu aliyezaa mapacha. Ukiwa umekaa mbele ya duka pale Rwekubo, ulisikia kwanza mngurumo ukija kutoka upande wa kambi, kisha ukaona vumbi, kisha ndiyo Toyota yenyewe ya kijivu, na wachuuzi wakaambiana: "Kalume huyo." Alilinunua kwa kijana mmoja wa Mbarara aliyependa mashindano ya magari. Kijana huyo alikuwa ameng'oa kasha la plastiki linalofunika eya klina, yaani ile filta inayosafisha hewa ya injini, akaweka mahali pake filta nyekundu ya wazi, yenye umbo la koni, imekaa uchi ndani ya boneti juu ya bomba la chuma linalong'aa. Filta ile ilivuta hewa kwa pupa, nayo hewa ikalia. Nje ilikuwa sauti ya fahali. Ndani, hasa gari likipanda mlima, ulikuwa mvumo mzito unaoingia masikioni na kushuka mpaka kwenye meno, na abiria wa nyuma akitaka kushuka ilibidi ampige dereva bega.

Basi hapo kwenye kupiga bega ndipo balaa lilipojificha. Mama mkwe hampigi mkwewe bega.

Watu wa kwao Kalume, waliotoka milima ya Kivu ya Kusini, Kongo, waliacha mengi nyuma, mashamba, mifugo na makaburi ya baba zao, lakini heshima ya ukwe waliibeba nzima nzima mpaka Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda. Mama mkwe hamwiti mkwewe kwa jina. Hamgusi. Hapandishi sauti mbele yake, wala hali chakula machoni pake. Wakiwa na neno la kuambiana hupitishia kwa mtoto, hata kama mtoto mwenyewe bado ananyonya. Mkwe naye hamkodolei macho mama mkwe, na ndiyo maana kila alipompakia Mama Godeberthe, mama wa mkewe Divine, Kalume alikuwa akigeuza kile kioo cha juu kikatazama dari.

Mama Godeberthe alikuwa na ugonjwa wa sukari na kidonda mguuni. Kilianza kama mchubuko wa jembe, naye akakifunga kitambaa akaendelea kulima. Mdharau mwiba mguu huota tende. Hospitali ya Mbarara walipokiona walimwambia aende kila wiki kisafishwe, na akikosa, mguu utakatwa. Basi ndogo hakuweza kupanda, kwa sababu mguu ulitakiwa unyooshwe juu ya kiti. Divine alikuwa amejifungua karibuni, bado yuko ndani na kichanga. Majirani walijitolea kumsindikiza mgonjwa, mama akakataa, hakutaka mtu wa kanisani akione kile kidonda wala kukinusa. Kwa hiyo alikuwa akienda na mkwe wake tu, yeye nyuma, Kalume mbele, na ule mngurumo kati yao.

Safari iliyopita nusura amwue. Mama alikuwa amefunga na wanawake wa maombi, na dawa akameza vile vile. Walipopita Rwekubo mwili ukaanza kumlegea. Akaomba gari lisimame, kwa ile sauti ndogo ya mtu anayesema na mkwe. Akaomba tena. Kalume alikuwa anapanda mlima, mguu umekanyaga mafuta, anafurahia ngurumo yake. Aliposimama Kabingo kutia petroli ndipo alipomkuta ameegemea mlango, ameloa jasho kama nguo iliyotoka mtoni, hajui alipo. Nesi wa zahanati ya pale alimtia sukari mdomoni mpaka akarudi duniani. Alimweleza Kalume kwamba dawa zile hushusha sukari mwilini, na mtu akizimeza bila kula, sukari huisha kabisa na roho huifuata. "Ungechelewa kidogo tu," nesi alisema, akakatiza hapo, akaenda kunawa mikono.

Divine hakupiga kelele mumewe aliporudi. Alikuwa anamnyonyesha mtoto, akasema bila kumtazama.

"Mama alikuita."

"Sikusikia."

"Najua haukusikia. Alikuita mara mingi, na weye ulikuwa unaendesha tu." Akambadilisha mtoto titi. "Siku ya Alhamisi daktari iko anamungojea. Lakini mu ile gari hataingia mpaka usikie sauti yake. Si sauti ya batu ba soko. Sauti yake yeye."

Tangu siku ile sifa za barabarani zilianza kumchoma Kalume. Mtu akimwambia gari lake lina nguvu, alimwona tu yule mama, kichwa kimeanguka kwenye kioo.

Akili yake ya kwanza ilikuwa ya godoro. Alikata kipande cha sponji, akaifunika ile filta nyekundu pande zote, akaikaza kwa kamba za mpira. Gari likanyamaza, naye akacheka peke yake barabarani. Halafu mlima wa kwanza ukamsuta. Injini ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazimika katikati ya kilima, na alipofungua boneti alikuta sponji imenyonywa na kubanwa, vipande vyake vimekwisha kuanza kuchanika. Alivitoa kimoja kimoja, asibakize hata chembe, kwa maana alijua kama gari lingezimika hivyo na mgonjwa ndani, kimya chake kingekuwa cha makaburini.

Akaenda Mbarara kwa fundi Rwakabuba, mtu mnene mwenye gereji nyuma ya soko, ambaye hutania kila gari kabla ya kuligusa.

"Ssebo, bwana, wewe umevalisha injini blanketi puani," Rwakabuba alisema. "Injini inataka pumuzi kama wewe. Usizibe. Wewe tafuta kelele inapita wapi."

Akamwonyesha. Sauti ilizaliwa pale kwenye filta ya wazi, kwa kuwa hakuna kitu kilichoifunika. Ilisafiri kwenye bomba la chuma lililofungwa moja kwa moja kwenye bodi, likiitikisa bodi nzima. Kisha iliingia ndani ya gari kupitia matundu ya ukuta wa bati ulio kati ya injini na miguu ya dereva. Yule kijana wa mashindano alikuwa ametoboa humo kupitisha nyaya za spika zake kubwa, asizibe. Kalume aliingiza kidole gumba kwenye tundu moja kikapita chote. Miezi yote ile alikuwa akiendesha gari lenye ukuta wa chujio.

Kasha la asili walilitafuta kwenye maduka ya spea wakalikosa, basi Rwakabuba akalitengeneza la bati, akalipaka ndani mpira mzito, akaifungia filta humo, na kuiachia hewa iingie kwa bomba pana kutoka pembeni mwa taa, mahali penye ubaridi. Bomba la chuma alilikata akaliunga kwa mpira, lisitetemeshe bodi. Ubavuni mwa bomba akachomelea kopo lililozibwa upande wa mwisho. Kalume aliuliza la nini.

"Ukipuliza mudomo ya chupa, inalia, si ndiyo? Sasa hii kopo ni chupa yetu. Sauti inaingia, inakuta mulango imefungwa, inarudi, inagongana na ile ingine inakuja. Zote zinachoka." Rwakabuba akapangusa jasho. "Haitamaliza yote. Mimi si Mungu. Itabaki kidogo."

Matundu aliyaziba kwa mpira, na chini ya zulia la miguu wakatandika mkeka mzito uliotoka kwenye gari bovu. Halafu likaja jaribio. Kalume alimwomba fundi akae nyuma, aseme polepole, kama mama mkwe.

"Mama mukwe yangu mimi? Yule akisalimia hapa, wanaitika kule mbali Isingiro," Rwakabuba alisema, lakini akapanda. Wakashika barabara ya kupanda. Kalume akakanyaga mafuta, akatega sikio. Kilichobaki cha mngurumo kilikuwa cha mbali, kama cha gari la jirani. Nyuma yake fundi, aliyekosa neno la kunong'ona, alianza kutaja ng'ombe zake.

"Bihogo," Kalume alirudia baada yake. "Gaaju. Mayenje." Wa mwisho hakumsikia. Akarudi chini, wakakaza mpira wa tundu moja lililolegea, wakapanda tena, na safari hii akawasikia ng'ombe wote mpaka ndama.

Alhamisi hiyo Kalume aliamka na bidii ya mtu anayetaka kusamehewa. Alilipeleka gari mpaka mlangoni kwa mama mkwe, nyumba ya udongo inayopakana na yake, jua likiwa halijachomoza. Hakutaka kungojea nje kama dereva wa kukodiwa. Aliingia, akaketi kwenye kiti kilicho karibu na mlango, akainamisha kichwa akaomba, akaendelea kukaa. Mama Godeberthe alisalimia kwa kupitia ukuta, akapitapita na fimbo yake, akameza dawa zake kwa maji, akakaa kitandani nyuma ya pazia. Mezani palikuwa na bakuli la uji lililofunikwa kwa sahani. Kalume aliliona. Alidhani ni la Nathalie, binti yake mkubwa, ambaye alizoea kunywea uji kwa bibi yake.

Divine alikuja mlangoni na kichanga mgongoni. "Mama, umekula?"

"Nimekunywa dawa," mama alijibu. "Twende, daktari hangojeake batu."

Divine akamsogelea mumewe, akamtia mfukoni kifuko cha sukari. "Sikia," alimwambia.

Gari likaondoka, nalo likaondoka kimya. Kalume alisikia mawe madogo yakigonga chini, jeki ikicheza kwenye buti, na nguo ya mama mkwe ikisugua kiti. Alisikia hata kumeza kwake mwenyewe. Alitegemea angefurahi, lakini alipata aibu, tena aibu ya kumpandisha jasho. Mngurumo ule ulikuwa pazia. Ndani yake kila mmoja alikuwa na chumba chake. Divine aliwahi kumwambia kwamba mama huimba nyimbo za kanisa njia nzima, naye Kalume hakuwahi kusikia hata moja. Leo hakuimba. Alipotaka kukohoa alijizuia, akakohoa ndani ya kitenge, na Kalume akasikia na huko kujizuia.

Mkono wa Kalume ukaenda kwenye redio. Adabu ilimwambia afungulie, ampe mzee wa watu mahali pa kujificha. Akagusa kitufe, akakumbuka kichwa kilichoegemea kioo, akarudisha mkono kwenye usukani. Kama ni kukosa adabu, basi akose.

Walipopita Rwekubo hakuna mchuuzi aliyeinua kichwa. Kalume alikaza macho barabarani, akafanya kama wafanyavyo wazee wa kwao, akasema na mtoto ambaye hakuwemo.

"Nathalie, uliza bibi yako kama muguu unauma."

Sauti ndogo ikaja kutoka nyuma, wazi kabisa. "Nathalie, ambia baba yako bibi eko muzuri."

Moyo wake ukatulia. Kumbe inawezekana. Waliendelea, migomba huku na huku, wanaume wa baiskeli wakisukuma mikungu kuelekea sokoni. Baada ya muda akauliza tena kama bibi ana kiu. Jibu lilikawia. "Nathalie... ambia baba... bibi hana kiu." Alijiambia amesinzia tu, mtu akiamka alfajiri husinzia. Lakini mikono yake ilikwisha kulowa kwenye usukani.

Mlima wa kuelekea Kabingo ulianza. Injini ikakaza, na ule mngurumo kidogo uliobaki ukapanda. Kalume akauchukia kwa moyo wake wote. Akapunguza mafuta, gari likapanda kwa mwendo wa mzee, lori likampigia honi nyuma, akaliacha lipige.

"Nathalie, uliza bibi kama tusimame."

Hakuna jibu. Kisha: "Ng'ombe bametoka. Ambia baba yako ng'ombe bametoka, funga mulango."

Mama Godeberthe hakuwa na ng'ombe tangu Kongo.

Kalume alilitoa gari barabarani, akalisimamisha kando ya shamba la migomba, akazima injini, na akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu alipooa. Aligeuka akamtazama mama mkwe usoni. Uso ulikuwa wa kijivu, jasho linashuka shingoni, macho yamefunguka na hayaoni. Lakini mkono wa yule mama, mgonjwa hivyo, ulinyanyuka ukavuta kitenge kujifunika uso, ili mkwe asimwone.

Alifungua mlango wa nyuma. Kule barabarani wanawake wawili wenye mabeseni ya nyanya walikuwa wamesimama wanatazama, na mmoja alimfahamu, kwa maana wote walisali kanisa moja. Kalume aliogopa. Alijua habari itafika kambini kabla yake: alimkamata mama mkwe wake njiani, alimfunua uso. Aliogopa, na akapanda kitini akakishika kile kichwa kwa mkono wa kushoto, akakiegemeza kifuani pake. Mama akamsukuma. Akasukuma kwa nguvu ya ajabu, akasema maneno yasiyo na maana, akakaza meno. Kalume alilowesha kidole kwa mate yake kwa sababu maji yalikuwa mbali, akakichovya kwenye sukari, akakipitisha ndani ya shavu la mama mkwe, juu ya ufizi. Akarudia. Kidole kikaumwa. Akarudia, analia sasa, anaomba kwa sauti, "Mama, pardon, mama, pardon," na hakuwa akimwambia mtoto yeyote.

Mmoja wa wale wanawake wa nyanya alisogea. Kalume alidhani anakuja kumfukuza. Yule mwanamke aliweka beseni chini, akafungua chupa ya chai ya maziwa aliyobeba kwa kifungua kinywa chake, akaikabidhi bila kuuliza kitu. Sukari ikamiminwa humo. Mama Godeberthe alipoanza kumeza mwenyewe, walimpa funda moja moja, mpaka meno yakalegea, jasho likapoa, na macho yakaanza kutafuta vitu na kuvipata: kiti, mlango, migomba. Mwishowe yakampata Kalume aliyemshika kichwa.

Alijinasua polepole. Akaketi, akavuta kitenge, akatazama chini. Kalume akashuka garini, akasimama ardhini, hajui aweke wapi mikono yake. Yule mwanamke akachukua beseni lake, na kabla ya kwenda akaacha vidole vichache vya ndizi mbivu juu ya kiti.

"Mama," Kalume alisema, moja kwa moja, kama mtoto kwa mzazi. "Asubuhi haukukula?"

Mama Godeberthe alikuwa anapangusa midomo kwa ncha ya kitenge. Hakuwa na hasira aliposema, na hilo ndilo lililomchoma Kalume zaidi.

"Ningekula namna gani? Weye ulikuwa umekaa pale."

Kalume akaliona lile bakuli. Akaiona sahani juu yake, na yeye mwenyewe kwenye kiti karibu na mlango, anaomba, anangoja, anajiona mkwe mwema. Alikuwa ameziba kila tundu la gari lile, na yeye ndiye aliyeziba njia ya uji.

Alichukua zile ndizi, akazisogeza karibu na mama mkwe, kisha akafanya kama alivyofunzwa. Alimgeuzia mgongo, akaenda mpaka nyuma ya gari, akasimama anatazama barabara walikotoka, ili mzee wa watu apate kula. Akasikiliza. Upepo kwenye migomba. Pikipiki mbali. Hakusikia ndizi ikimenywa. Miguu ilimwambia arudi, adabu ikamwambia abaki, na hakujua hofu ile ingeisha lini.

"Kalume."

Hakulifahamu kuwa ni jina lake, kwa vile hakuwahi kulisikia kwa sauti hiyo. Lilisemwa kwa unyonge, kwa sauti ile ile ndogo, na likamfika lote.

"Rudi hapa," Mama Godeberthe alisema. "Kaa karibu, fasi naweza kukuona. Nikianguka tena, nani atanishika?"

Akarudi. Akachuchumaa kando ya mlango ulio wazi, macho kwenye nyasi. Alisikia ganda la ndizi likichanika, kisha pakawa kimya, na akaelewa kwamba mama anangoja. Akainua uso. Mama Godeberthe alikuwa ameshika ndizi iliyomenywa karibu na mdomo. Walitazamana. Akauma kipande, akatafuna, akameza mbele ya mkwe wake. Akauma kingine. Aliimaliza ile ya kwanza na kuchukua ya pili, na Kalume hakugeuza uso mpaka zilipokwisha.